Kiilu na Masanduku ya Mto Kalangi

Habari ilinikuta kanisani Kwa Vonza, Alhamisi alasiri, tukisafisha jengo kwa ajili ya semina ya akina mama. Nilikuwa nimepiga magoti nikisugua sakafu chini ya benchi simu yangu ilipolia. Alikuwa Mutindi, jirani yetu wa nyumbani, kule bondeni chini ya milima ya Mbooni. Mutindi hunipigia kwa nadra sana. Humpigia mama yangu, Kanini, ingawa mashamba yao yamepakana, kwa sababu hakuna anayependa kuupanda ule mteremko kwa ajili ya salamu tu.

"Kasiva," alisema, "uko na watu hapo?"

"Niko na akina mama wa kanisa."

"Waambie wakushike."

Sikuwaambia. Nilibaki pale sakafuni na kitambaa mkononi.

"Mto umemchukua Kiilu. Tumempata kule chini, kwenye mikuyu. Sitaki usikie kwa mtu mwingine."

Niliuliza kama anapumua. Nyuma yake nikasikia watu wakizungumza kwa sauti ya chini, na mwanamume mmoja akiomba blanketi.

"Hapana, mwanangu," akasema.

Mke wa mchungaji aliomba. Akina mama waliitikia amina, mimi sikuweza. Nilikuwa nikimfikiria mama yetu: nani amemwambia, na kwa maneno gani, maana maneno hayo hayo aliwahi kuambiwa kuhusu baba, na mto ni ule ule.

Kiilu Nthiwa alikuwa kitinda mimba wetu. Alikufa akibadilisha saa iliyo ndani ya sanduku la chuma, juu ya mwamba, katikati ya mto mkavu. Siku za matanga watu wengi waliniuliza, wengine kwa huruma na wengine kwa lawama, ni saa gani hiyo ya kumsimamisha mtu mzima katikati ya mto huku wingu limekaa mlimani. Mama hawezi kuwajibu. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, na ndugu yangu alinieleza kazi yake mara nyingi mezani kwangu, kwa hiyo ninajibu hapa kadiri nilivyoelewa.

Mto Kalangi hauna maji sehemu kubwa ya mwaka. Ni mchanga mtupu, mpana, mweupe, na wanawake huchimba visima humo na kuteka kwa kata mpaka mitungi ijae. Punda husubiri kando. Vijana huja na majembe kupakia mchanga kwenye malori. Mtu anaweza kusahau kabisa kwamba ni mto. Lakini mvua ikinyesha juu Mbooni, maji hushuka kwa ghafla, na bondeni yanaweza kukukuta jua linawaka na mbingu haina doa.

Wazee walikuwa na utaratibu wa mayowe. Aliyeko juu akiona kijito kimejaa hupiga yowe, wa boma lililo chini yake hulipokea na kulipiga tena, na hivyo hivyo boma kwa boma, mpaka sauti ifike mchangani kabla ya maji. Aliyelisikia akanyamaza alitozwa mbuzi. Utaratibu huo ulidumu hadi nilipokuwa msichana. Kisha nyumba za mteremkoni zikaanza kufungwa, wenyewe wakienda Nairobi na Mombasa, na waliobaki ni vikongwe wasiosikia vizuri. Kulibaki pengo kati ya boma na boma ambalo sauti haikuweza kuliruka. Kiilu alipokuwa kidato cha pili mvua ilinyesha juu, mtu akapiga yowe, yowe likafika kwenye nyumba zilizofungwa, likaishia hapo. Baba yetu alikuwa mchangani akimchimbia mama kisima.

Watu husema siku hizi kuna simu. Nyumbani, juu ya mteremko, zipo. Kwenye korongo la juu na mchangani kwenyewe mtandao haufiki.

Baada ya shule Kiilu alinifuata Kwa Vonza. Mimi nina cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka, yeye akapanga chumba cha jirani, akatengeneza redio, taa za sola na simu. Baadaye alianza kuunda vifaa vyake mwenyewe, kama kile cha kugeuza mayai ndani ya mashine ya kuangulia vifaranga. Ndani ya vifaa hivyo mna chipu ndogo ambayo ni kompyuta nzima, aliniambia, ila haina macho wala masikio, na haijui ni saa ngapi mpaka ipewe mpigo wa kuhesabu. Nilimuuliza mpigo huo hutoka wapi.

"Kwa saa yako ya ukutani," alisema.

Nikatazama ukutani. Palikuwa na msumari.

"Kiilu, ile saa nilipewa siku ya harusi yangu."

"Imekuwa ikikudanganya tangu siku hiyo. Sasa itasema ukweli mara moja."

Alinionyesha alichokitoa humo: kikopo cheupe kama fedha, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye miguu miwili kama unywele. Hiyo ndiyo kristali. Ndani yake mna kipande cha jiwe lililochongwa kwa umbo la manati, na ukilipa umeme kidogo hutetemeka, maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, bila kuchoka. Chipu huhesabu ile mitetemo na kupata sekunde, dakika, saa. Chipu ina mpigo wake wa ndani pia, lakini aliudharau. Ulikosea dakika nzima kwa siku moja, wakati mwingine nyingi, na kwa mayai hilo si neno, ila kwa jambo alilokuwa akiliwaza halikufaa.

Jambo lenyewe lilikuwa kuliziba lile pengo la nyumba zilizofungwa.

Aliunda masanduku mawili. La juu alilifunga kwenye korongo la Mbooni, mahali kijito kinapoanza kupanuka, na waya wa kuhisi maji yakipanda na redio ndogo ya kuliarifu la chini. La chini lilikuwa na king'ora, na mwethya, kikundi cha kijijini kwetu cha kusaidiana kazi, kilimsaidia kusimika nguzo ya chuma kwa saruji juu ya mwamba ulio katikati ya mchanga. Wengi walitaka nguzo iwe ukingoni. Kiilu aliwatembeza wakaone wenyewe: ukiwa ukingoni kilima kinafunika korongo, redio haisikii kitu, ukiwa juu ya mwamba unaliona pengo la korongo moja kwa moja.

Tatizo lilikuwa betri. Korongoni miti ni minene, jua haligusi chini, kwa hiyo paneli ya sola haina kazi. Sanduku la juu lilitumia betri kavu tu, na redio hula betri haraka. Ndiyo maana aliyalaza yote mawili usingizi. Kila robo saa yangeamka pamoja kwa sekunde chache. La juu lingesema kama maji yamepanda; kama hayajapanda, halisemi kitu. La chini lingesikiliza, kisha yote yalale tena. Kila kitu kilitegemea yaamke pamoja. Moja likichelewa kuamka kuliko mwenzake, la juu lingepiga yowe na la chini liko usingizini.

Alitoa kristali kwenye saa mbovu za ukutani alizokusanya kijijini, akazipanga mezani kwa jozi, akizitazama wiki baada ya wiki. Alitafuta mbili zinazokwenda sawa, jinsi mtu anavyotafuta ng'ombe wawili wa jembe. Kando ya kila kristali kuna vipande viwili vidogo viitwavyo kapasita, na hivyo navyo vilimpa shida: ukiweka vikubwa kupita kiasi saa inachelewa, ukiweka vidogo inakimbia. Alibadilisha na kubadilisha mpaka jozi moja ikapatana kabisa, mezani kwa mama, ndani ya nyumba yenye kivuli.

Aprili ile mvua zilikuwa nzuri. Sanduku la juu lilisema karibu kila siku, na kila liliposikika, la chini lilijirekebisha saa yake kulingana na la juu. King'ora kilipolia mara ya kwanza Mutindi aliacha mtungi wake na kata yake, akakimbia na kiatu kimoja. Maji yalifika baadaye, akiwa ameshaketi ukingoni akijicheka. Mulwa, mwenyekiti wa mwethya, alimletea Kiilu kuku. Mchungaji Mutiso wa kijijini kwetu alimsimamisha kanisani watu wakampigia makofi, naye akatazama chini kama mtu aliyeitwa kuadhibiwa. Kuanzia hapo mama alianza tena kushuka mtoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tumzike baba.

Kisha kiangazi kikaingia. Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Kijito cha juu kilikauka, sanduku la juu halikuwa na la kusema, na la chini likakaa miezi yote hiyo likisikiliza kimya, bila kitu cha kujirekebishia.

Mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha Mbooni mchana. Maji yalishuka. King'ora hakikulia. Punda wawili wa Mulwa walikuwa wamefungwa pamoja kando ya kisima, na mitungi mgongoni, mwenyewe akiwa amepanda ukingoni kununua sigara. Alirudi akakuta maji.

Jioni alikuja nyumbani kwetu. Kiilu alikuwa huko, na mimi nilisimuliwa na mama.

"Fundi," Mulwa alisema mlangoni, "nimekuja kuchukua kuku wangu."

"Tulimla, mzee."

"Basi mmekula kuku na punda wawili. Mlishiba?"

Mama akasema ni punda tu, Mungu ashukuriwe hakuna mtu. Kiilu ndiye aliyejibu.

"Leo ni punda, mama. Wale akina Mutindi sasa hawatazami mlimani tena. Wanangoja king'ora. Kabla sijakiweka walikuwa wakitazama."

Hilo ndilo lililomkaa moyoni. Alikuwa amewaondolea watu hofu yao, na badala yake amewapa chuma kisichosikia. Asipolitengeneza sanduku hilo kabla ya mvua kubwa, ingekuwa heri kama hakuliweka kabisa.

Alikwenda mtoni na saa, akakuta sanduku la chini liko nyuma ya la juu kwa zaidi ya dakika mbili. Alibadilisha betri, akaziweka sawa, na baada ya siku chache zikawa zimeachana tena. Akayarudisha yote mawili mezani kwa mama. Pale yalikwenda pamoja kama mapacha. Ndipo alipolileta lile la chini kwangu Kwa Vonza, maana huku ni joto, akalipandisha juu ya bati la kibaraza.

Siku hizo tulikula chakula cha mchana mapema ili aiwahi taarifa ya habari ya saa saba. Redio hutoa milio mifupi kabla ya habari, na Kiilu alikuwa juu ya ngazi, akitazama taa ndogo ya sanduku iliyotakiwa kuwaka pamoja na mlio wa mwisho. Wateja wangu walidhani ana matatizo ya akili.

"Huyu ndugu yako anaomba juu ya mabati?" mmoja aliniuliza.

"Anasikiliza habari."

"Huku chini hazisikiki?"

Siku ya kwanza taa iliwaka pamoja na mlio. Baada ya siku kadhaa hata mimi niliona: mlio, kisha kimya kifupi, kisha taa. Kiasi cha sekunde moja kwa kila siku ya jua kali. Ikapita siku ya mawingu, na siku hiyo haikuchelewa kitu.

Aliteremka akaketi kwenye kiti cha wateja. "Ni joto, mwiitu wa mwaitu," alisema, ndivyo alivyoniita tangu utotoni, binti wa mama yetu. "Hii kristali inapenda joto la chumbani. Ukiipeleka kwenye jua inachelewa. Ukiipeleka kwenye baridi kali, inachelewa pia. Haikimbii hata siku moja, inachelewa tu. Niliipima Aprili na mvua, na mezani kwa mama. Sikuipima kwenye kiangazi."

"Si uiongezee sekunde moja kila siku?"

"Siku ya mawingu nitakuwa nimeikimbiza bure. Haichelewi kwa kipimo kimoja, inachelewa kwa kufuata jua."

"Basi lisikilize muda mrefu zaidi."

"La chini lina sola, linaweza. La juu haliwezi kusema muda mrefu, betri itaisha kabla ya Krismasi. Na nikilifanya la chini lisikilize mchana kutwa, siku mbili za mawingu litakufa. Mvua huja na mawingu."

Nilikuwa nimemaliza mawazo yangu. Yeye alikuwa ameshafikiri yote hayo.

Alichohitaji ni kristali za aina nyingine, zile zilizofungwa pamoja na kipimajoto chake ndani ya chipu moja. Hujipima joto na kujirekebisha zenyewe, kukiwa jua au baridi. Alimpigia Nderitu, mwenye duka la vifaa vya umeme kule Emali, ambaye humletea mizigo kutoka Nairobi. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia yote nikiwa kwenye cherehani.

"Unaunda ndege, Kiilu? Chukua zile za kawaida, nina pakiti nzima. Kila mtu anachukua hizo."

"Kila mtu hana mto, Nderitu."

"Na ukiletewa bandia utanilaumu. Hizo zina bandia nyingi kuliko za kweli."

"Niletee nne. Nitazipima mwenyewe."

Zilichelewa. Alipokuwa akizingoja aliyarudisha masanduku mahali pake, akawa anakwenda nyumbani kila baada ya siku chache kuyaweka sawa kwa mkono, akipanda Mbooni kwa bodaboda, kisha kushuka mtoni kwa miguu. Alikonda. Nilimwambia apumzike, amwachie Mungu mto huo. Alinijibu kwamba Mungu alikuwa nao mto siku ya baba pia, na ni wale wa mayowe waliokosekana. Sikupenda jibu hilo na nilimwambia hivyo. Tulikaa siku nzima bila kusemeshana.

Mzigo ulipofika, alizipima zote nne. Mbili aliziweka juu ya bati. Mbili nilizikuta ndani ya mtungi wangu wa maji ya kunywa, zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni na chupa.

"Umetia nini kwenye maji yangu?"

"Mbooni," alisema. "Hiyo ndiyo baridi pekee niliyoipata Kwa Vonza."

Moja ya zile za batini ilikimbia ovyo, akaitupa. Nderitu alikuwa amesema kweli. Tatu zilizobaki hazikuachana. Jua, mtungi, mchana, alfajiri, taa zao ziliwaka pamoja na mlio wa redio na mimi nikawa naona kwa macho yangu. Sikumwona akifurahi hivyo tangu tukiwa watoto. Alikula ugali sahani mbili. Jioni ya Jumanne tuliomba pamoja, nikaomba Mungu aibariki kazi ya mikono yake na amlinde njiani. Niliomba hivyo hasa. Jumatano asubuhi akaondoka, na siku hiyo hiyo akapanda Mbooni, akabadilisha saa ya sanduku la juu.

Yaliyobaki nimeyapata kwa Mutindi, ambaye alikuwapo.

Alhamisi kabla ya saa sita Kiilu alishuka mchangani na jiko dogo la makaa, vyuma vyake vya kulehemu vikiwa ndani. Juu Mbooni wingu lilikuwa limeanza kukaa. Bondeni jua lilikuwa kali. Mutindi na wanawake wengine watatu walikuwa wakiteka kwenye visima, na Kiilu, kabla ya kugusa sanduku, aliwaendea.

"Mama zangu, tokeni. Nikilifungua hili halisikii. Mtoke mpaka nilifunge."

"Fundi, jua lote hili?" Mutindi alimwambia. "Mtungi wangu uko nusu."

"Nitaujaza mwenyewe baadaye."

"Wewe? Hata wa mama yako hujawahi kuujaza." Wenzake walicheka.

Hakucheka. Aliuchukua mtungi wa Mutindi ulivyo, akaupeleka ukingoni mabegani, akarudi akachukua wa pili. Wakamfuata wakinung'unika kwamba mwana wa Kanini amekuwa serikali. Walipokuwa wote juu ya ukingo ndipo alipopanda mwamba na kulifungua.

Walimwambia aling'oe alilete kivulini, afanyie kazi huko. Alijibu kwa sauti kutoka mwambani kwamba kuling'oa na kulifunga upya likiwa limeelekea korongoni kutamchukua mpaka jioni, na mvua haitangoja jioni. Kama mvua ingenyesha usiku na sanduku halijafungwa, kesho alfajiri watu wangeshuka mchangani wakiliamini. Mutindi anasema alikuwa akiinua uso kila mara kutazama Mbooni, kisha anarudi kwenye kazi, akipasha chuma, akipuliza makaa. Alijua anachokifanya. Sitaki mtu aseme hakujua.

Sanduku la juu lilipiga yowe lake la kwanza wakati la chini liko wazi mikononi mwake, halina saa. Hatuna shaka juu ya hilo sasa, kwa hesabu ya muda wa maji kutoka korongoni. Hakuna aliyesikia, na hakuna ambaye angeweza kusikia. Alimaliza kulehemu, akaipa saa mpya muda sahihi, akafunga kifuniko, akakaza skrubu. Mutindi alimwona akipangusa mikono kwenye suruali na kuanza kukusanya vyuma vyake.

Robo saa ilipotimia, king'ora kililia.

"Alitazama juu," Mutindi aliniambia. "Hakulitazama sanduku, alitazama juu ya mto. Akaliacha jiko, akaruka kwenye mchanga, akakimbia kuja kwetu. Tulikuwa tukimwita. Maji yalitokea kwenye kona yakiwa na matawi mbele, si mengi, ya magotini tu, na nikadhani atayapita. Lakini mchanga ukishalowa haushiki mguu. Alianguka mara moja akainuka. Mara ya pili hakuinuka. Nyuma ya yale maji ya magotini kulikuwa na mengine."

King'ora hakikunyamaza. Kule chini, penye njia ya malori, vijana wa mchanga walikisikia, wakaacha lori na majembe wakapanda ukingoni. Lori lilikwenda na maji. Vijana wote wako hai, na jina la kila mmoja lilisomwa kanisani Jumapili iliyofuata katika maombi ya shukrani, dakika chache kabla ya kutangazwa mipango ya mazishi ya ndugu yangu.

Nimemuuliza Mungu kuhusu ile robo saa. Kwa nini yowe la kwanza lisiwe kabla ya kulifungua, au kazi isiishe mapema kidogo. Mchungaji Mutiso alinishauri nisiulize hivyo, kisha akaketi nami muda mrefu. Bado naamini. Naamini nikiwa nimekasirika, na sijui kama hilo linaruhusiwa, lakini ndivyo nilivyo.

Mama alimwambia Mulwa, alipokuja matangani, kwamba hana haja ya rambirambi, anataka nguzo ilindwe isiguswe. Mulwa alisema mwethya imeshakubaliana: kila mwezi watu wawili watapanda Mbooni kubadilisha betri, na atakayekosa zamu atatozwa mbuzi.

Tulimzika Jumamosi ya wiki iliyofuata, juu ya mteremko, kando ya baba. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na gari la maiti halikuweza kupanda, likabaki barabarani. Wanaume wa mwethya walilibeba jeneza kwa kupokezana, na vijana wa mchanga waliomba kubeba sehemu ya mwisho iliyo kali zaidi, wakapewa. Waliteleza mara mbili lakini hawakuliangusha. Mutindi na wenzake walikuwa wameteka maji ya kupikia tangu alfajiri.

Mchungaji Mutiso hakuhubiri muda mrefu kwa sababu ya mawingu. Nderitu alikuja kutoka Emali, akasimama nyuma peke yake, kofia mkononi. Walipolishusha jeneza mama aliombwa atupe udongo wa kwanza. Aliinama akachota, lakini udongo ulikuwa tope ukamganda kiganjani, nami nikamsaidia kuutoa. Kisha nikatupa wangu. Wanaume wakachukua majembe, na kwa sababu udongo ulikuwa mzito ilichukua muda, watu wakiimba wimbo mmoja na kuurudia. Kaburi lilipojaa walilipangia mawe pande zote lisichukuliwe na mvua. Mutiso akafunga kwa maombi, tukasema amina, na mimi nilisema. Nikamshika mama mkono tukarudi nyumbani.